Wingu Si Nakala Rudufu: Zana Huria za Kulinda Data za Kazini

Katika ofisi nyingi za tiba na utafiti wa afya, kabati la mafaili limehamia mahali pasipoonekana. Orodha za washiriki wa utafiti, majibu ya maabara, ratiba za zamu, miswada ya makala na fomu za ridhaa zilizopigwa picha, vyote sasa hukaa kwenye hifadhi ya wingu, yaani katika kompyuta za kampuni iliyo mbali, zinazofikiwa kwa njia ya intaneti. Faida zake ni dhahiri. Watumishi wa vituo viwili hufanya kazi juu ya waraka mmoja, na kompyuta ikiibwa kazi haipotei. Hata hivyo, urahisi huo umezaa imani moja yenye hatari: kwamba kilichowekwa winguni kimekwisha kulindwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo si sahihi, nakala rudufu ni nini hasa, na namna ambavyo taasisi yenye fedha kidogo inaweza kujilinda kwa kutumia programu huria. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na leseni yake inamruhusu mtu kuzitumia, kuzirekebisha na kuzisambaza bila malipo.

Jambo lililo mezani si la kiufundi peke yake. Data za afya hazifanani na bidhaa ya dukani inayoweza kuagizwa upya. Sampuli ya damu iliyochukuliwa kwa mama mjamzito katika wiki ya 20 haiwezi kuchukuliwa tena akiwa amekwisha kujifungua. Mgonjwa aliyehojiwa kabla ya kufariki hawezi kuhojiwa mara ya pili. Aliyekubali kudungwa sindano kwa ajili ya utafiti alitoa kilicho chake kwa kuamini kwamba kitatunzwa. Data hizo zikipotea kwa uzembe, aliyepoteza si mtafiti tu. Mshiriki naye amekosewa.

Kusawazisha si kunakili

Kosa la kwanza ni kuchanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura. Huduma kama Google Drive na OneDrive husawazisha mafaili: hali ya folda katika kompyuta moja huigwa katika kompyuta nyingine zote. Nakala rudufu ni kitu kingine. Ni nakala inayojitegemea, iliyotunzwa mahali pengine, inayohifadhi hali ya faili kama ilivyokuwa siku fulani iliyopita, hata kama faili lenyewe limebadilishwa au kufutwa.

Tofauti hiyo huonekana siku ya kosa. Tuchukue mfano wa ofisi ya utafiti yenye watumishi sita wanaotumia folda moja ya pamoja. Tarehe 3 Machi, mmoja wao anasafisha kompyuta yake na kufuta folda ndogo anayodhani ni ya zamani. Usawazishaji unafanya kazi yake barabara: folda hiyo inatoweka kwa wote sita. Hakuna anayegundua mpaka katikati ya Juni, wakati wa kuandaa ripoti ya robo mwaka. Kwa kawaida, Google Drive hufuta kabisa kilichokaa kwenye tupio kwa siku 30. Kwa akaunti za kazini, OneDrive na SharePoint hutunza kilichofutwa kwa siku 93. Kufikia katikati ya Juni, muda wote huo umekwisha kupita. Hakuna mashine iliyoharibika wala mhalifu aliyeingia. Mfumo ulitii amri uliyopewa.

Kampuni za wingu huahidi kwamba huduma yao itapatikana na kwamba diski zao zikiharibika wao ndio watakaozibadilisha. Haziahidi kumlinda mteja dhidi ya mkono wake mwenyewe. Microsoft, katika makubaliano yake ya huduma, huwashauri watumiaji wanakili mara kwa mara maudhui yao. Jukumu la jengo ni la kampuni. Jukumu la kilichomo ndani hubaki kwa mwenye data.

Yaliyowahi kutokea

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba hatari hizi si za kufikirika. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza kituo kimoja cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya kituo cha jirani. Baadhi ya wateja walipoteza data zao moja kwa moja, kwa kuwa hata nakala zao zilikuwa katika eneo hilo hilo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Mei 2021, huduma ya afya ya umma ya Ireland ilishambuliwa na programu hasidi ya kikombozi, ile ambayo hufunga mafaili kwa msimbo wa siri na kudai fedha ili yafunguliwe. Mifumo ya kompyuta ilizimwa nchi nzima, na madaktari wakarudi kwenye karatasi. Wahalifu walitoa ufunguo siku chache baadaye bila kulipwa, lakini kazi ya kurejesha mifumo iliendelea kwa miezi.

Mwezi Mei 2024 ilikuwa zamu ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Kwa sababu ya kosa la mpangilio lililofanywa upande wa mtoa huduma, mazingira yake ya wingu binafsi ndani ya Google Cloud yalifutwa. Kilichosaidia kuuokoa mfuko huo ni kwamba ulikuwa umeweka nakala nyingine kwa mtoa huduma mwingine. Huduma zilirejea baada ya siku kadhaa, na akiba za wastaafu hazikupotea.

Moto, uhalifu na kosa la mpangilio ni visababishi vitatu tofauti, lakini kinga yake ni moja: nakala inayojitegemea, iliyo mbali na ile ya kwanza.

Kanuni ya 3-2-1

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo hadi leo ni msingi wa kazi hii. Kuwa na nakala 3 za data, ukihesabu na ile ya kazini. Ziweke katika vyombo vya aina 2 tofauti. Na nakala 1 iwe nje ya jengo. Ofisi inayotumia wingu inaweza kuitimiza hivi: mafaili ya kazi yabaki winguni, nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje au seva ndogo ya ofisini, na ya tatu iwe kwa mtoa huduma mwingine, au katika tawi jingine la taasisi.

Nakala ya ofisini ina umuhimu wa pekee katika ukanda wetu. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi jirani. Katika siku kama hizo, nakala iliyo ng'ambo ipo lakini haifikiki. Hata intaneti ikiwa nzima, hesabu ni ya kuzingatia: kusafirisha GB 100 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 22, na TB 1 huchukua zaidi ya siku tisa. Diski iliyomo kabatini hutoa GB 100 hizo kwa muda usiofika hata asubuhi moja.

Zana na kazi zake

Zana ya kwanza ni rclone, iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood wa Uingereza. Huzungumza na huduma za wingu zaidi ya 70, zikiwamo Google Drive, OneDrive na Dropbox. Kazi yake ni kuchota mafaili kutoka wingu moja na kuyaweka kwenye diski au wingu jingine. Hapa pana tahadhari tatu.

Kwanza, rclone ina amri mbili zinazokaribiana. Amri ya "copy" huongeza na kuhuisha mafaili bila kufuta chochote upande wa pili. Amri ya "sync" huufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, hivyo faili lililofutwa winguni hufutwa na kwenye diski. Anayetumia "sync" bila kujua hili amejenga kioo, hajajenga ghala.

Pili, nyaraka zilizoandikwa ndani ya Google, kama vile majedwali na hati za pamoja, si mafaili ya kawaida. Ili kuzinakili, rclone huzigeuza kuwa za muundo wa Word au Excel. Maandishi hubaki, lakini historia ya masahihisho haisafiri nayo.

Tatu, mafaili ambayo wengine wamekushirikisha hayamo katika hifadhi yako mwenyewe, na kwa kawaida rclone haiyachoti mpaka iambiwe. Katika utafiti wa pamoja, hayo ndiyo yenye thamani zaidi.

Zana ya pili ni restic, iliyoanzishwa na Alexander Neumann wa Ujerumani. Hii ndiyo hasa hujenga nakala rudufu. Husoma folda, huigawa katika vipande vidogo vyenye wastani wa MB 1, na kukipa kila kipande alama inayotokana na maudhui yake, mfano wa alama ya kidole. Kesho yake, kipande ambacho alama yake imekwisha kuonekana hakitunzwi tena. Kinachoongezwa ni kilichobadilika tu. Kwa njia hiyo, ofisi yenye GB 80 za data inaweza kutunza hali ya kila siku kwa miezi mingi bila kuhitaji GB 80 kwa kila siku. Kila mara inapoendeshwa, restic huacha picha ya wakati, na mtumiaji anaweza kuifungua folda kama ilivyokuwa tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya kosa.

Aidha, restic hufunga kila kitu kwa usimbaji fiche wa AES-256 kabla hakijaondoka kwenye kompyuta. Anayehifadhi nakala, awe kampuni ya ng'ambo au mlinzi wa stoo, haoni ila vipande visivyosomeka.

BorgBackup ni ndugu wa karibu wa restic. Ilizaliwa mwaka 2015 kutokana na programu iliyoitwa Attic, na inasifika kwa kubana data vizuri. Inafaa zaidi kwa seva za Linux, na haikuundwa kwa ajili ya Windows. Kwa ofisi za Windows ambazo hazina mtaalamu wa kuandika amri, Kopia na Duplicati zina madirisha ya kubofya, na kanuni zake za kazi ni zile zile.

Kwa barua pepe ipo mbsync, ambayo hushusha ujumbe wote kutoka kwenye seva na kuuweka kwenye kompyuta ya taasisi.

Tahadhari ya kanzidata

Mifumo mingi ya afya si mafaili bali ni kanzidata. DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika Tanzania na nchi nyingi kukusanya takwimu za afya, huweka data zake katika PostgreSQL. OpenMRS, inayotunza rekodi za wagonjwa, hutumia MySQL au MariaDB. Kunakili mafaili ya kanzidata ikiwa inafanya kazi ni sawa na kupiga picha ya eksirei mgonjwa akitembea: picha itatoka, lakini haitasomeka. Njia sahihi ni kwanza kuiamuru kanzidata yenyewe itoe nakala kamili ya wakati mmoja, kwa zana ya pg_dump kwa PostgreSQL au mysqldump kwa MySQL, kisha faili linalopatikana likabidhiwe restic au Borg.

Utaratibu wa ofisi ndogo

Kwa ofisi ya mfano wetu yenye watumishi sita, utaratibu unaotosha waweza kuwa huu. Kila usiku saa sita, kompyuta moja ya ofisini inaendesha rclone na kuchota mabadiliko ya siku kutoka winguni. Ikimaliza, restic inaweka picha ya wakati kwenye diski iliyounganishwa, na nyingine kwa mtoa huduma wa pili. Picha 7 za kila siku, 4 za kila wiki na 12 za kila mwezi zinatunzwa. Zilizozidi zinaondolewa zenyewe. Kosa la tarehe 3 Machi likigunduliwa katikati ya Juni, picha ya mwisho wa Februari bado ipo.

Kinga dhidi ya kikombozi hudai hatua moja zaidi. Mhalifu aliyeteka kompyuta ya ofisi atajaribu kufuta nakala pia. Kwa hiyo, nakala moja ni lazima isiweze kufutwa kutoka kwenye kompyuta hiyo. Njia ya kwanza ni kutumia diski mbili kwa zamu, moja ikiwa imechomolewa na kufungiwa. Njia ya pili ni kuiwekea seva ya nakala sharti la kupokea tu: Borg na seva ya restic zote zina uwezo huo, ambapo kompyuta huruhusiwa kuongeza lakini hukataliwa kufuta.

Siku ya kurejesha

Hakuna muuguzi wa chumba cha upasuaji anayeamini kwamba vifaa vimetakaswa kwa sababu tu mashine ilinguruma. Hutazama ukanda wa kiashiria, na usipobadilika rangi, vifaa hurudi mashineni. Nakala rudufu nayo ina kiashiria chake, nacho ni kurejesha.

Kampuni ya GitLab iliyajua haya kwa gharama. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akishughulikia tatizo usiku alifuta folda ya kanzidata kwenye seva isiyo sahihi, na takriban GB 300 zikatoweka. Walipogeukia nakala zao, waligundua kwamba njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Zana ya pg_dump ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, hivyo ilishindwa kila siku. Na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa sababu nyingine kabisa.

Zana yenyewe ya kunakili inaweza kugeuka chanzo cha hasara. Mwezi Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban TB 77 za data za utafiti, mafaili yapatayo milioni 34 ya vikundi 14. Programu iliyokuwa na kazi ya kunakili ilibadilishwa ikiwa bado inaendeshwa, ikaanza kufuta mafaili halisi. Data za vikundi vinne hazikuweza kurejeshwa.

Kwa hiyo, kila mwezi mtu achague mafaili matano bila mpangilio, ayarejeshe katika folda tupu, na ayafungue. Zana zenyewe husaidia: restic na rclone zote zina amri ya "check" ya kuhakiki kwamba kilichotunzwa hakijaharibika. Mara mbili kwa mwaka, data zote zirejeshwe kwenye kompyuta isiyo na kitu, na mtu ambaye si yule aliyeuweka mfumo, akifuata maelekezo yaliyoandikwa, huku muda ukihesabiwa. Akikwama, kilichokwama ni maelekezo, na hapo ndipo pa kurekebisha. Ni heri kugundua pengo siku ya mazoezi kuliko siku ya maafa.

Usiri, sheria na nywila

Kila nakala ya data za wagonjwa ni data za wagonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zote huweka masharti kabla taarifa hazijavushwa nje ya nchi. Diski isiyofungwa kwa msimbo, iliyosahaulika kwenye daladala, ni uvujishaji wa siri za wagonjwa hata kama dhamira ilikuwa njema. Mahali pa nakala ya tatu, hasa pakiwa ng'ambo, pajadiliwe mapema na kamati ya maadili na mwanasheria wa taasisi.

Usimbaji fiche nao una upande wa pili. Nywila ya restic ikipotea, hakuna kampuni ya kuipigia simu. Data zimefungwa milele. Nywila hiyo iandikwe, iwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la taasisi, na watu wawili wajue ilipo. Mtumishi mmoja akihama au akifariki, kazi ya miaka isizikwe naye.

Hatimaye, mshiriki ana haki ya kujiondoa katika utafiti, na itifaki nyingi huweka kikomo cha kutunza data. Muda wa kuishi kwa picha za wakati upangwe kwa kuzingatia ahadi zilizo kwenye fomu ya ridhaa.

Hitimisho

Zana zilizoelezwa hapa hazina bei ya leseni. Gharama iliyopo ni ya diski, ya nafasi kwa mtoa huduma wa pili, na ya saa chache za mtu aliyepewa jukumu kwa jina. Hiyo ya mwisho ndiyo adimu kuliko zote, kwa kuwa nakala rudufu ni kazi isiyopongezwa na mtu siku inapokwenda vizuri.

Msomaji anayetaka kuanza anaweza kuanza kwa swali moja wiki hii. Achague faili moja ambalo kazi yake haiwezi kuendelea bila hilo, kisha aulize ofisini kwake: nani anaweza kunipa faili hili kama lilivyokuwa miezi mitatu iliyopita, na kwa muda gani? Akijibiwa kwa faili lenyewe mkononi, taasisi yake iko salama kuliko nyingi. Akijibiwa kwamba liko winguni, basi kazi bado haijaanza.